Laini ya simu Uganda: netiweki inaridhisha, makato yanakera

Ukiwa Kampala, Arua, Gulu, Mbarara au Mbale, netiweki ya kampuni kubwa za simu inaridhisha. Simu zinaingia, intaneti inafungua, pesa zinafika. Bei nayo, ukiondoa kodi, inavumilika. Yanayowakera watu, na wana haki, ni makato: shilingi zinazotoka kwenye laini bila mwenye laini kuelewa zimekwenda wapi. Huko ndiko tutakaa zaidi, maana ndiko mteja anaweza kujikinga, na ndiko kampuni zinastahili lawama.

Lakini si kila kato ni la kampuni. Eyataimu na bando hutozwa ushuru wa 12%, kisha VAT ya 18% inapigwa juu ya bei ambayo tayari ina ushuru huo. Ukinunua bando la shilingi 1,000, za kampuni ni kama 757. 91 ni ushuru na 152 ni VAT. Kuanzia Julai 2018 tulikuwa tukilipa OTT, shilingi 200 kwa siku ili kufungua WhatsApp na mitandao mingine. Ilipofutwa Julai 2021, ushuru wa intaneti ukaingizwa ndani ya bando. Zile 200 zilionekana, hizi hazionekani, na ndiyo maana mteja hudhani kampuni imempunja hata pale ambapo aliyekata ni serikali. Ujumbe wa kununua bando ungeweza kutaja kodi kama ule wa kutoa pesa unavyoitaja. Ni mstari mmoja tu wa maandishi.

Malalamiko mengi yanahusu bando: giga moja imenunuliwa asubuhi, mchana haipo. Mara nyingi imeliwa na simu yenyewe. Play Store husasisha programu kimyakimya, na programu moja tu inaweza kuzidi MB 100. WhatsApp hupakua picha za kila kikundi, na video pia ukiiruhusu. Google Photos, ukiiruhusu kutumia data ya simu, hupandisha picha zako mtandaoni. TikTok huanza kuvuta video inayofuata kabla hujamaliza kutazama iliyopo. Kwa hiyo kabla ya kugombana na mtu yeyote, ingia Mipangilio ya simu, tafuta sehemu ya matumizi ya data, na uweke tarehe ianzie siku uliyonunua bando. Orodha itakuonyesha programu ipi imekula kiasi gani. Kisha Play Store iambie isasishe kwa Wi-Fi pekee. Katika WhatsApp, ingia sehemu ya hifadhi na data, uondoe alama zote kwenye upakuaji wa picha, sauti, video na nyaraka unapotumia data ya simu. Washa kiokoa data. Mtu mwenye vikundi vya kanisa, vya msikiti na vya ukoo ataona tofauti wiki hiyo hiyo.

Hesabu ya simu na hesabu ya kampuni hazilingani hadi MB ya mwisho, na hilo ni kawaida. Zikipishana sana, kwa mfano simu inasema 400 na kampuni inasema giga nzima, hapo una hoja. Piga picha ya skrini siku hiyo hiyo, kwa kuwa simu ikianza mwezi mpya wa hesabu, ushahidi huo unakuwa mgumu kuupata.

Kuna kato lingine baya zaidi, na hapa kampuni haina pa kujificha. Bando likiisha, laini iliyoruhusiwa kuendelea huanza kukata eyataimu kwa bei ya nje ya bando, ambayo ni ghali mara nyingi zaidi. Mtu aliyeweka eyataimu ya 5,000 kwa ajili ya kupiga simu hukuta sifuri, na hajapiga simu hata moja. Dawa ni kuingia kwenye menyu ya data ya kampuni yako, au kupiga 100, namba ya huduma kwa wateja, uagize matumizi ya intaneti kwa eyataimu yafungwe kabisa. Ombi hilo lisikilizwe na lithibitishwe kwa ujumbe. Usikubali jibu la mdomo tu. Mpangilio huu ulipaswa kuwa umefungwa tangu laini inapouzwa, na anayetaka kuufungua aufungue mwenyewe.

Menyu ya kununulia bando nayo isome polepole. Baada ya kuchagua bando, swali la mwisho huwa ununue mara moja au lijirudie lenyewe. Tarakimu moja ndiyo inayotenganisha majibu hayo mawili. Ukiona bando limenunuliwa tena bila wewe kugusa simu, tatizo liko hapo, na linaondolewa kwenye menyu hiyo hiyo chini ya bando ulizojiunga. Bando la siku liangalie saa: ujumbe wa uthibitisho hutaja muda wa mwisho, na saa 24 si sawa na usiku wa manane. Ukinunua saa tatu usiku bando linalokufa usiku wa manane, umenunua saa tatu tu za matumizi.

Kwa asiyetumia intaneti kila siku, bando zisizo na mwisho wa muda zinafaa kuliko zote. MTN wana Freedom, Airtel wana Chillax. Ukigawanya bei kwa idadi ya MB utaona kila MB ni ghali kidogo kuliko kwenye bando la siku, lakini MB isiyokufa ni nafuu kuliko MB tatu zilizokufa bila kutumika. Mwenye kutazama video kila jioni abaki na bando la wiki au la mwezi.

Bando za mitandao ya kijamii tunazishauri kwa tahadhari kubwa. Bando hilo hutambua programu, halitambui kila unachofungua kupitia programu hiyo. Mtu akikutumia kiungo cha gazeti kwenye WhatsApp nawe ukakibonyeza, habari hiyo inafunguka nje ya WhatsApp na inakula data ya kawaida, au eyataimu kama hukuifunga. Facebook imefungwa Uganda tangu Januari 2021, hivyo wanaoitumia hupitia VPN, programu inayoficha unachofungua mtandaoni. Ukiwasha VPN, kampuni haioni tena kwamba uko WhatsApp au TikTok. Inaona VPN tu. Bando la kijamii linabaki zima huku data nyingine inakwisha. Ndiyo sababu ya yale malalamiko ya kila siku kwamba bando la WhatsApp halifanyi kazi.

Huduma za ujumbe mfupi, zile za nyimbo za mwito, utabiri wa mechi, mahubiri na vidokezo vya afya, hukata kidogo kidogo kila siku na hudumu miezi mingi kwa sababu kiasi chenyewe ni kidogo. Wengi huingia kwa kubonyeza sawa kwenye kisanduku kinachoruka juu ya skrini wakati wanatafuta kitu kingine. Tuma neno STOP kwa namba fupi ile ile iliyokutumia ujumbe, kisha ungojee jibu. Usipojibiwa, piga 100 na uwatake wakusomee huduma zote zilizosajiliwa kwenye laini yako, moja baada ya nyingine, na wazifute. Visanduku vyenyewe hutoka kwenye programu iitwayo SIM Toolkit. Ukizima arifa zake kwenye Android, vingi havitarudi.

Sasa pesa za simu, ambako jedwali la ada likisomwa vizuri linaokoa pesa halisi. Ada za kutoa hupangwa kwa ngazi. Katika jedwali lililozoeleka kwa mawakala, kutoa kati ya 2,501 na 5,000 ni shilingi 440. Kati ya 60,001 na 125,000 ni 1,925. Kutoka 125,001 hadi 250,000 ni 3,575, na kutoka 250,001 hadi 500,000 ni 7,000. Linganisha na karatasi iliyobandikwa kwa wakala wako, kwa kuwa viwango hubadilishwa. Mwenye kutoa 255,000 kwa mkupuo hulipa 7,000. Akitoa 250,000 kwanza, kisha 5,000, atalipa 3,575 na 440, jumla 4,015. Amebaki na 2,985 mkononi kwa kazi ya dakika moja. Lakini usidhani kugawa ni nafuu siku zote: 500,000 kwa mara moja ni 7,000, na mara mbili za 250,000 ni 7,150. Kugawa kunafaa pale tu kiasi chako kimevuka mpaka wa ngazi kwa kidogo.

Juu ya ada hiyo kuna kodi ya 0.5% ya kiasi unachotoa. Ilianza Julai 2018 ikiwa 1% kwenye kuweka, kutuma na kutoa. Baada ya kelele za wananchi ikapunguzwa mwaka huo huo na kubaki kwenye kutoa pekee. Kutoa 100,000 kunahitaji salio la 102,425: ada 1,925 na kodi 500. Kwa hiyo ukimtumia mama kijijini ukaweka na ya kutolea, usihesabu ada peke yake, la sivyo atasimama kwa wakala amepungukiwa 500 na atatoa pungufu. Kodi hii haikwepeki kwa kugawa. Hata hivyo ni ya kutoa fedha taslimu tu. Ukimlipa mwenye duka moja kwa moja kutoka kwenye simu, haikuhusu. Dukani kwenye namba ya malipo, lipia hapo.

Menyu ikikatika katikati ya muamala, usirudie. Angalia salio kwanza, kisha muamala wa mwisho. Watu wengi waliotuma mara mbili waliharakisha tu. Ukikosea namba, piga simu saa ile ile ukiwa na namba ya muamala: kama mpokeaji bado hajazitoa, kiasi hicho kinaweza kuzuiwa. Akishazitoa, inakuwa kesi ya polisi, na hapo uvumilivu wako utapimwa.

Kuhusu netiweki, yako mambo machache ya kujua. Minara mingi ni ya kampuni ya minara ATC, na mnara mmoja hubeba antena za kampuni zaidi ya moja. Kwa hiyo kuwa na laini mbili hakukusaidii sana pale umeme unapokatika na betri za mnara zikaisha. Zote mbili zinazima. Kama intaneti inakatika kila unapopigiwa, simu yako au laini yako haina VoLTE, yaani uwezo wa kupiga simu kupitia 4G, na simu inashuka kwenye 3G au 2G ili kupokea sauti. Uliza kituo cha huduma kama modeli yako inakubaliwa.

Wanaokaa Busia, Mpondwe, Bunagana au Vurra wana shida yao: simu inashika mnara wa jirani na eyataimu inaisha kwa bei ya nje. Ingia kwenye mpangilio wa mitandao ya simu, ondoa uchaguzi wa kujiendesha, na uchague mwenyewe. Orodha ikitokea kwa namba, ya Uganda huanza na 641. Ukiona 639 ni Kenya, 630 ni Kongo, 635 ni Rwanda, 659 ni Sudan Kusini. Sehemu ya Roaming izime. Mpango wa netiweki moja ya Afrika Mashariki ulioanza 2014 ulilenga simu za sauti, kwa hiyo usiutegemee kwa intaneti, hasa upande wa Kongo.

Usajili wa laini ni jambo ambalo ndugu zetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Kyangwali na Kyaka II wanapaswa kulishughulikia mapema. Laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine ni mali ya mtu huyo machoni pa kampuni. Ikipotea, anayeweza kuirudisha ni yeye, na salio la pesa liko humo humo. Tangu 2019 UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda, iliruhusu wakimbizi kusajili kwa kitambulisho cha mkimbizi au barua ya uthibitisho ya OPM, yaani Ofisi ya Waziri Mkuu. Isajili upya kwa jina lako kabla simu haijaibiwa.

Udhaifu mkubwa wa huduma hii, ukiacha makato, ni malalamiko. Kwenye 100 utasikiliza menyu ndefu na muziki, kisha mtu mpole atakuambia ungojee saa 24. Mdai namba ya rejea ya malalamiko yako kabla hajakata, na uiandike pamoja na tarehe, saa, kiasi na namba ya muamala. Kisha ujue mlango wa pili ni upi. Eyataimu, bando, netiweki na huduma za ujumbe ziko chini ya UCC, Bugolobi. Pesa za simu, tangu sheria ya mifumo ya malipo ya 2020, zinasimamiwa na Benki ya Uganda, na kampuni zililazimika kuzitenga katika kampuni tanzu, ingawa dawati unaloliona ni lile lile. Ukipeleka shauri la muamala UCC, au la bando benki kuu, utapoteza wiki. Na kote kuwili swali la kwanza ni kama ulianza kwa kampuni. Bila ile namba ya rejea utarudishwa 100 ukaanze upya.