Ocarina of Time: uzoefu wangu na danjeni zake, na kwa nini Hekalu la Maji linachosha watu

Nimeimaliza gemu ya The Legend of Zelda: Ocarina of Time katika matoleo matatu: la Nintendo 64 lililotoka Novemba 1998, la 3DS la mwaka 2011, na lile la kwanza linalochezwa kwenye Switch kwa usajili wa Nintendo Switch Online wenye Expansion Pack, lililowekwa humo Oktoba 2021. Maoni yangu ni kwamba danjeni zake (majengo na mapango yenye mafumbo, maadui na bosi mwishoni) hazimwonei mtu. Ukikwama, ama hujatazama juu, ama umeingia bila kifaa kinachotakiwa, ama umebadilisha kina cha maji kabla hujamaliza kazi ya pale ulipo. Hilo la mwisho ni la Hekalu la Maji, na huko ndiko nitakakokaa zaidi.

Kwanza chagua toleo. La 3DS ndilo laini kuliko yote: picha zimechorwa upya, na buti za chuma, za kutembelea chini ya maji, unazivaa na kuzivua kwa kitufe kimoja. La Switch ni gemu ile ile ya 1998, kwa hiyo kila ukitaka buti unasimamisha gemu, unahamia ukurasa wa mavazi, unachagua, unafunga. Kitufe cha Z cha kumkazia adui macho kimekuwa ZL, na vile vitufe vinne vya C vimehamia kijiti cha kulia. Hapo ndipo noti za okarina, ile filimbi ya kupigia nyimbo za gemu, zinapoharibika: ukiinamisha kijiti mshazari inatoka noti usiyoitaka. Sukuma wima au mlalo, achia, kisha noti inayofuata. Faida ya Switch ni kwamba unaweza kuhifadhi hapo hapo ulipo, hata mlangoni kwa bosi. Kwa Marekani usajili huo ulianza kwa dola 49.99 kwa mwaka kwa mtu mmoja. Maandishi yote ni ya Kiingereza au lugha nyingine kubwa, Kiswahili hakuna, na wahusika hawaongei kwa sauti, kwa hiyo kusoma hakukwepeki.

Usipohifadhi kwa njia hiyo ya Switch, kumbuka gemu yenyewe inavyohifadhi. Ukisevu ndani ya danjeni na kuzima, ukirudi unaanzia mlango mkuu wa danjeni hiyo ukiwa na mioyo mitatu tu, hata kama unayo kumi na tano. Funguo na makasha uliyofungua vinabaki. Basi usizime ukiwa umebakiza chumba kimoja.

Danjeni tatu za utotoni mwa Link, shujaa unayemwongoza, ni darasa. Ndani ya Deku Tree, mti mkubwa ambao ndio danjeni ya kwanza, unahitaji upanga wa Kokiri, ulio kwenye tundu la ukuta nyuma ya uwanja wa mazoezi ambako jiwe la mviringo linazunguka, na ngao ya Deku ya rupia 40 (fedha ya gemu hii). Watu wengi hukwama kwenye utando mkubwa wa buibui katikati ya sakafu. Kuutembelea hakusaidii, lazima upande hadi ghorofa ya juu kabisa ujirushe katikati yake. Utando wa pili, chini huko, unachomwa kwa fimbo ya Deku iliyowashwa kwenye mwenge. Wale ndugu watatu wanaotema mbegu huuawa kwa mpangilio wa 2, 3, 1. Gohma, bosi wa hapo, yuko darini, na ndiyo maana ukiingia chumbani mwake hakitokei kitu mpaka utazame juu. Jicho likiwa jekundu, manati, kisha umkimbilie. Kipigo kimoja cha fimbo ya Deku ni sawa na viwili vya upanga wa Kokiri, kwa hiyo ukiruka na fimbo mkononi pambano linakwisha upesi.

Dodongo's Cavern ina mtego mmoja: ngao ya Deku ni ya mbao na inaungua. Chukua ngao ya Hylia bure kwenye kaburi mojawapo la kijiji cha Kakariko, ingawa mtoto haibebi mkononi, anajikunja chini yake kama kobe. Lile fuvu kubwa la ukumbini hufunguka ukipanda kwenye daraja la juu na kudondosha bomu katika kila jicho. Bosi, King Dodongo, anapovuta pumzi, mtupie bomu mdomoni, mpige upanga, kisha kimbilia kona na ubanane na ukuta wakati anabingiria. Jabu-Jabu, samaki mkubwa ambaye tumbo lake ndilo danjeni ya tatu, anataka samaki aliye ndani ya chupa, umwachilie mbele ya mdomo wake. Ndani unambeba Ruto, binti wa mfalme wa Zora (watu wa majini), na ukimwacha ukatoka chumbani, anarudi pale ulipomkuta mara ya kwanza. Ni kero, lakini huo ndio mchezo wa danjeni hiyo.

Ukisharuka miaka saba mbele na kuwa mtu mzima, Hekalu la Msitu ndilo zuri kuliko yote kwa maoni yangu. Unaingia na Hookshot, ile ndoana ya mnyororo unayoipata kwa kushindana mbio na mzimu wa Dampé, mchimba makaburi. Mizimu dada wanne wameiba miali ya ukumbini. Joelle na Beth wanajificha kwenye picha za ukutani, na ukisogea wanahama, hivyo piga mshale ukiwa mbali. Amy anakupa vipande vya picha vya kupanga kwa dakika moja, na hivyo vipande vinadondoka kutoka juu, usisimame kwenye kivuli chake. Meg anajigawa wanne, halisi ni yule anayezunguka mara moja zaidi. Swichi yenye umbo la jicho iliyoganda barafu inayeyushwa kwa kupitisha mshale kwenye moto wa mwenge. Na ukisikia mvumo huku kivuli cha mviringo kikikua miguuni mwako, ondoka: ni mkono unaoshuka kutoka darini, ukikudaka unakurudisha mlango wa kwanza. Mbele ya bosi, Phantom Ganon, zile duara za umeme unamrudishia kwa upanga, au kwa chupa tupu. Ndiyo, chupa. Inafanya kazi sawasawa.

Hekalu la Moto ni refu ila limenyooka. Bila kanzu nyekundu ya Goron saa inahesabu na unakufa kwa joto. Mtungi wa nyama uitwao Like Like ukikumeza unakuvua ngao na kanzu. Usitoke chumbani, uue haraka na vitu vyako vinarudi sakafuni. Bosi, joka Volvagia, anatoka kwenye mashimo: nyundo kichwani kwanza, upanga baadaye.

Sasa maji. Maandalizi yanaanzia pango la barafu juu ya makazi ya Zora. Nenda na chupa tupu, si chini ya mbili, kwa sababu barafu nyekundu haiyeyuki kwa kitu kingine zaidi ya moto wa buluu, na kila chupa ni ya matumizi moja. Ndani unapigana na mbwa mwitu mweupe, unapata buti za chuma na wimbo wa kukurusha hadi ziwani, hekalu liliko. Usiondoke bila moto wa buluu, kwani Mfalme Zora ameganda na ndiye anayekupa bure kanzu ya buluu, ya kupumulia majini. Dukani kanzu hiyo ni rupia 300, na pochi ya kuanzia inabeba 99, ya pili 200. Maana yake lazima kwanza uwe umeua buibui wa dhahabu 30 ili upate ya 500, na mlango wa duka lenyewe umeganda. Myeyushie mfalme, yaishe.

Ziwani unazama kwa buti mpaka kwenye lango la chini, unapiga Hookshot kwenye fuwele iliyo juu yake. Chini ya maji hakuna silaha nyingine inayofanya kazi, si upinde si bomu, na hii ni kanuni ya hekalu zima.

Kuna vibao vitatu vyenye alama ya Triforce (pembetatu tatu). Ukisimama mbele ya kibao na kupiga wimbo wa Zelda's Lullaby kwa okarina (kushoto, juu, kulia, kisha urudie), maji yanahamia kina cha kibao hicho: chini, katikati au juu. Unaingia maji yakiwa juu kabisa. Zama, nenda upande wa mashariki, mkute Ruto, mfuate anapoelea kwenda juu, na kibao cha kwanza kiko hapo. Maji yakishuka, rudi chini ya hapo hapo, washa mienge miwili kwa mshale uliopita kwenye moto, ndani ya mlango unaofunguka kuna ufunguo. Huo unafungua mnara wa katikati, ambamo kuna kibao cha pili.

Hapa ndipo watu wanapopotea kwa siku nzima. Ukipiga wimbo na maji yakapanda hadi katikati, lile bamba lililokuwa sakafuni mwa mnara linaelea juu, na chini yake kunabaki shimo. Mchezaji anakuwa ameangalia mbele, anatoka zake. Katika toleo la 1998 hakuna chochote kinachokuonyesha, ila katika la 3DS kamera inageuka yenyewe ikuonyeshe shimo, na kuna mistari ya rangi ukutani inayoelekeza kwenye vibao. Usitoke mnarani: vaa buti, tumbukia shimoni, fuata njia, maliza wale maadui wa miiba, lango linafunguka na kasha lina ufunguo. Ukiukosa huu, baadaye unakuta kufuli mbele yako na huna ufunguo, kisha unaanza kushuku gemu imeharibika. Haijaharibika. Hekalu lina funguo ndogo 6, na ukipungukiwa mmoja kagua hapo kabla ya kwingine. Mwingine unaosahaulika uko pale ulipomkuta Ruto: maji yakiwa katikati, ukuta wenye nyufa unafikika, ulipue kwa bomu.

Kanuni yangu ni usibadilishe maji kabla ya kugusa kila mlango unaofikika kwa kina kilichopo. Kubadilisha ni wimbo wa sekunde chache, lakini kurudi kwenye kibao kunakula dakika nyingi. Farore's Wind, uchawi wa kuweka alama mlangoni na kurudi hapo baadaye, unapatikana kwenye chemchemi ya Zora nyuma ya ukuta wa kulipua. Wachezaji wengi huubeba mpaka mwisho bila kuutumia, na kwa hekalu hili una thamani kuliko upanga mkubwa. Eiji Aonuma, aliyesimamia usanifu wa danjeni hizi, ameomba radhi hadharani kwa usumbufu wa kubadili buti. Nakubaliana naye: ramani ya hekalu ni safi, kinachouma ni ile menyu.

Dark Link, adui aliye kivuli cha Link, anakungoja kwenye mti uliokauka katikati ya maji ya kina kifupi. Uhai wake unalingana na wako: ukiwa na mioyo mingi, naye anadumu zaidi. Ukimchoma upanga mbele anaruka na kusimama juu ya upanga wako. Acha kumkazia Z, tumia nyundo au Din's Fire (uchawi wa moto), mpige kwa pembeni. Zawadi ni Longshot, ndoana yenye mnyororo mrefu mara mbili. Morpha, bosi, ni kiini kinachoogelea ndani ya mkono wa maji. Usisimame majukwaani katikati, utadakwa. Kaa kona ya chumba, vuta kiini kwa ndoana, mpige akiwa nchi kavu kabla hajajirudisha majini.

Hekalu la Kivuli na la Roho nayapitia haraka. La Kivuli linahitaji Lens of Truth, lenzi ya kuonyesha vilivyofichika, na hiyo iko chini ya kisima cha Kakariko utotoni, kwa hiyo lazima urudi nyuma miaka saba na upige wimbo wa Song of Storms kwenye kinu cha upepo ili maji ya kisima yakauke. Bila Din's Fire mlango haufunguki, kwani mienge lazima iwake kwa pamoja. Yule kiumbe wa mikono mirefu, Dead Hand, hajitokezi usipokubali mkono mmoja ukukamate kichwa. Jikomboe haraka, mpige anapoinama. La Roho linachezwa mara mbili, mtoto kisha mtu mzima. Twinrova ni dada wawili, moto na barafu: mionzi ya mmoja elekeza kwa mwingine kwa ngao ya kioo. Wakiungana kuwa mmoja, ngao inahitaji kunyonya mashambulizi matatu ya aina moja mfululizo, ukichanganya unaanza upya.

Kwenye mnara wa Ganon, adui mkuu, nenda na vichimbakazi wawili kwenye chupa (wanakufufua ukifa), kwa sababu baada ya Ganondorf, yaani Ganon akiwa na umbo la mtu, kuna dakika 3 za kukimbia jengo linaloanguka na Zelda akifungua milango, kisha pambano na Ganon aliyegeuka mnyama, ambalo upanga wako wa Master unarushwa nje ya duara la moto. Wakati huo nyundo ndiyo silaha yako: mshale wa mwanga usoni, umzunguke, upige mkia.