TAHADHARI: Pikapu ya El Camino SS 454 ya 1970 kwa dola 17,500 ni utapeli

Wakuu, hasa mlioko Marekani na mnaopenda magari ya zamani. Kuna tangazo linazunguka la Chevrolet El Camino SS 454 ya mwaka 1970, rangi nyekundu, mistari miwili myeusi kwenye boneti, "imekarabatiwa yote mpaka nati ya mwisho", bei dola 17,500. Msitume hata senti. Huyo muuzaji hana gari.

Kwa asiyeifahamu, El Camino mbele ni gari la kawaida la abiria, ndugu wa Chevelle (gari jingine la Chevrolet la enzi hizo), nyuma ni pikapu. Chevrolet waliitoa 1959 na 1960, wakaiacha, wakairudisha 1964 mpaka 1987. Hii SS (Super Sport, yaani toleo la kimichezo) ya 1970 yenye injini ya inchi za ujazo 454, yaani lita 7.4, ndiyo inayowatoa watu udenda: ile iliyoitwa LS5 ilitangazwa kuwa na nguvu ya farasi 360, LS6 450. Mimi nafanya kazi ya bodi na rangi hapa Houston, na nawaambia, dola 17,500 hazimalizi hata huo ukarabati wanaojisifia, achilia mbali gari lenyewe. Bei hiyo ni chambo.

Tangazo nililetewa na kijana mmoja wa Mombasa anayeishi Dallas, akitaka nimwangalizie kabla hajatoa arbuni. Hadithi ya muuzaji ni hii: yeye ni mama, mumewe amefariki, gari linamkumbusha marehemu ndiyo maana anauza bei ya kutupa. Kwenda kuliona haiwezekani kwa sababu liko kwenye ghala la kampuni ya usafirishaji, jimbo jingine, limeshafungwa tayari kwa safari. Wewe unailipa kampuni, gari linaletwa mlangoni, una siku 5 za kulikagua, usipolipenda unarudishiwa pesa yako. FBI wameonya miaka mingi kuhusu hadithi za namna hii. Safari hii ni mjane, safari nyingine ni mwanajeshi anayepelekwa ng'ambo, au watu wanaachana na wanagawana mali. Ghala halikosekani.

Sasa tuje kwenye picha, maana hapo ndipo walipojianika. Picha moja ya ndani inaonyesha dashibodi yenye geji za duara, kama inavyotakiwa kwenye SS ya 1970, na gia iko chini katikati ya viti. Picha nyingine ya ndani, tangazo lile lile, ina spidomita ndefu iliyolala kama rula, ile ya El Camino za kawaida, na gia iko kwenye usukani. Hayo ni magari mawili. Nikaziingiza picha za nje kwenye utafutaji wa picha wa intaneti, zikatokea kwenye mnada wa zamani, gari lilishauzwa na kuondoka. Hata kibao cha namba walikifuta kwenye picha tatu, wakasahau ya nne.

Nikamwambia kijana amwombe mama apige picha chini ya sakafu ya mzigo, nyuma tu ya viti. Kwenye El Camino za miaka ile pana uwazi pale, mahali ambapo kwenye Chevelle abiria wa nyuma angeweka miguu. Maji hutuama humo, kutu inakula kimyakimya. Yeyote aliyewahi kukarabati gari hilo anapajua, na pengine pamemliza. Jibu lililokuja: "Pikapu yetu haina sehemu hiyo." Basi.

Halafu namba ya chesisi. Walituma ya tarakimu 17, pamoja na ripoti ya historia ya gari yenye mihuri mizuri. Mfumo wa tarakimu 17 ulianza na magari ya 1981. Namba ya Chevrolet ya 1970 ina 13 tu: El Camino Custom yenye injini ya V8 (silinda nane) huanza na 13680, inafuata 0 ya mwaka, herufi ya kiwanda, kisha tarakimu sita. Hizo ripoti za historia zimejengwa juu ya namba za tarakimu 17, kwa hiyo ukipewa ripoti nadhifu ya gari la 1970, jiulize imetoka wapi.

Na hata ukikutana na muuzaji wa kweli, hiyo 13680 haikuambii kama gari ni SS. Mwaka 1968 peke yake ndio SS ilikuwa na namba yake, 13880. 1969 na 1970 ilikuwa ni nyongeza ya kuagiza, na beji za SS zinauzwa madukani. Omba kuona muhuri uliogongwa kwenye bloku ya injini, mbele upande wa abiria, ulinganishe na namba iliyoko juu ya dashibodi nyuma ya kioo. Omba pia ile karatasi ya kiwandani ya kuundia gari, ambayo mara nyingi hukutwa imebanwa juu ya tangi la mafuta au kwenye springi za kiti. Bila hivyo unauziwa mbuzi kwenye gunia, tofauti ni kwamba mbuzi yupo.

Kilichonichekesha ni Mombasa. Kijana aliwauliza kwa kuwajaribu kama wanaweza kulipeleka Kenya kwa mzee wake. Wakajibu palepale: ndiyo, ushuru umo ndani ya bei. Gari la 1970, usukani wa kushoto! Kenya gari lililotumika likizidi miaka 8 haliingii kwa njia ya kawaida, na la usukani wa kushoto vilevile. Wao wangekubali kulipeleka hata mwezini.

Ankara waliyotuma ina nembo ya kampuni, ila akaunti ya benki ni ya jina la mtu binafsi, na wanataka pesa itumwe moja kwa moja benki kwa benki, siku hiyo hiyo, "kuna mteja mwingine". Kijana alipowaambia atamtuma fundi alikague ghalani kwanza, mama mjane akawa mkali, kisha akamfungia mawasiliano.

Kama kuna aliyekwisha kutuma: pigia benki yako sasa hivi, usingoje kesho, uwaambie ni utapeli na wajaribu kuirudisha. Masaa ya mwanzo ndiyo yenye matumaini. Kisha ripoti kwa FBI kupitia ic3.gov, na kwa FTC, tume ya Marekani inayolinda wateja, kupitia reportfraud.ftc.gov, uweke ankara, namba ya akaunti na mazungumzo yote. Usifute kitu kwa hasira au aibu. Na akikutafuta mtu anayejiita wakili au mpelelezi, anasema anaweza kukurudishia hela ukimlipa kidogo kwanza, huyo mara nyingi ni wale wale au wenzao walionunua orodha ya waliopigwa.

Tangazo bado lipo hewani. Jina la muuzaji na mji vimeshabadilika, bei imeshuka hadi 16,900, picha ni zile zile.