Jicho la mwamuzi au marudio ya video?

Usiku wa 2 Juni 2010, kwenye mechi ya besiboli huko Detroit, Marekani, mrushaji Armando Galarraga alibakiza mpigaji mmoja tu amalize mechi bila mpinzani hata mmoja kufika kituoni. Mpira ukapigwa chini, Miguel Cabrera akauokota, akamtupia Galarraga aliyekimbilia kituo cha kwanza. Akaudaka, akakanyaga, mkimbiaji bado yuko nyuma, yaani alipaswa kutolewa. Mwamuzi Jim Joyce akatandaza mikono: salama, mkimbiaji kafika! Baadaye alitazama video, akakiri mwenyewe kwamba amekosea. Uamuzi haukufutwa.

Tangu 2014 kocha anaweza kupinga uamuzi kama huo. Waamuzi huvaa visikizi na kungoja jibu kutoka New York, ambako video hutazamwa upya. Kwa swali la nani kafika kwanza, mimi niko upande wa video kabisa.

Ila mrushaji akianza mwendo kisha akasita huku kuna mkimbiaji kituoni, wakimbiaji husogezwa mbele kituo kimoja kama adhabu kwake, na hapo video haiombwi. Jicho tu. Na iwe hivyo: ukilitazama bega la mtu polepole mno, kila mrushaji ataonekana kasita.