Habu za mkono kwa pikapu ya foo-wili: zipi ununue ukiwa Dodoma

Kama pikapu yako ina habu za otomatiki (habu ni kifungio cha katikati ya tairi la mbele kinacholiunganisha na shafti inayoleta nguvu ya injini) na njia zako ni za Bahi, Kibakwe au vijiji vya Kondoa, zibadilishe kabla ya mvua za Desemba. Mimi zilinilaza porini. Nilikuwa kwenye korongo la mchanga upande wa Bahi, nimebeba magunia ya mpunga. Gari likaanza kuzama, nikaingiza foo-wili, nikasogea mbele kidogo, kisha nikarudi nyuma nipate nafasi ya kuondokea. Nikasikia mlio mmoja mkavu kutoka mbele kushoto. Matairi ya mbele yakaacha kuvuta, ya nyuma yakachimba mpaka eksili ikalala juu ya mchanga.

Habu ya otomatiki hujifunga shafti ikianza kuzunguka, na ukigeuza mwelekeo hujiachia kwanza ndipo ishike tena. Kwenye mchanga, dereva hujinasua kwa kwenda mbele na nyuma, na hapo ndipo yenyewe inapomwacha. Ya mkono unashuka, unazungusha kizungushio cha katikati ya tairi kutoka frii (huru) kwenda loki (imefungwa), basi. Meno ya ndani yanashikana na haiachii mpaka uirudishe mwenyewe.

Kabla ya kutoa hela, jua gari lako lina nini. Land Cruiser 79 na Hilux za zamani zenye eksili nzima mbele, kama LN106, nyingi zilitoka kiwandani na habu za mkono. Hizo unabadilisha zilizochoka tu. Nissan Hardbody na Navara za D22 ndizo utakazozikuta sana na za otomatiki, na wenye magari hayo ndio ninaowaandikia hasa. Hilux Vigo na Isuzu D-Max nyingi hutenganisha nguvu kwenye difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa matairi mawili), siyo kwenye tairi. Kama mfumo huo unafanya kazi, uache, hela hiyo nunulia matairi.

Chaguo langu la kwanza ni habu halisi za kiwandani zilizotumika, za gari la aina yako, zilizotoka Japani. Kwa Toyota tafuta zilizoandikwa Aisin. Mtumba mzuri wa Kijapani naupa nafasi mbele ya kitu kipya kisicho na jina, lakini kwa sharti moja: ifunguliwe mbele yako. Ishike mkononi, izungushe mara kumi kati ya frii na loki. Inatakiwa kwenda laini na kusimama sawasawa kila upande, bila kulegalega. Kisha geuza uangalie meno ya ndani kwenye mwanga. Meno mazima yana kingo zilizonyooka. Yaliyokula yamekuwa ya mviringo na yanang'aa upande mmoja tu, ule ulioshika mzigo. Ukiona hivyo mrudishie mwenye duka, hata akupunguzie nusu ya bei. Na nenda na shafti yako, au angalau idadi ya meno yake. Jino moja likizidi, haiingii.

Ya pili ni AVM mpya, ya Brazili. Kwa mwenye Nissan aliyezunguka maduka bila kupata za mtumba, hii naiweka ya kwanza. Ni imara, inakuja na vifaa vya kufungia, na mafundi wengi wanaijua. Warn ya Marekani naiweka ya tatu, na siyo kwa ubora. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1948 ikitengeneza habu za jeep zilizobaki baada ya vita, kwa hiyo kazi inaijua. Tatizo ni kuagiza: ikikatika pete ndogo ndani, gari litakaa juu ya mawe ukisubiri mzigo kutoka nje.

Flanji za kudumu, zile zisizo na frii, ni ngumu kuvunjika, lakini shafti na difu ya mbele huzunguka muda wote, hata ukienda Morogoro kwa lami. Zinamfaa anayeshinda machimboni. Za mwisho ni zile za boksi jeupe lisilo na jina. Sikushauri hata kidogo. Mwili wake ni aluminiamu laini, na likija tope zito la mbuga ndipo utajua ulinunua nini.

Muuzaji akikwambia utaokoa mafuta mengi, usinunue kwa sababu hiyo. Kinachookolewa ni kidogo. Unanunua uhakika wa kutoka korongoni.

Kufunga kunahitaji fundi msikivu. Vipande vya otomatiki vilivyobaki kwenye spindo (mhimili ambao tairi huzungukia) vitolewe vyote, na nati ya beringi ifungwe kwa washa inayotakiwa, la sivyo tairi litaanza kucheza. Gasketi iwe mpya. Grisi ndani ya habu ipakwe nyembamba tu. Za kwangu fundi alizijaza mpaka juu akidhani ananipendelea. Wiki mbili baadaye kizungushio kikawa hakifiki loki, tukafungua na kufuta kwa petroli. Grisi nyingi ni ya beringi, siyo ya habu.

Usilipe kabla ya jaribio hili. Inua mbele kwa jeki, weka stendi, gia ya foo-wili ikiwa imetolewa. Habu ikiwa frii, zungusha tairi kwa mkono: shafti isimame. Weka loki: shafti izunguke pamoja na tairi. Fanya pande zote mbili, kwa sababu ukifunga upande mmoja tu, difu ya kawaida itapeleka mzunguko wote kwenye shafti iliyo huru na gari halitavuta mbele.

Msimu wa mvua mimi hufunga zote mbili asubuhi nikiwa bado nyumbani, viatu vikavu. Kwenda na loki kwenye lami hakuna shida, mradi gia iko tu-wili. Foo-wili yenyewe naingiza nikifika kwenye tope. Kiangazi nazirudisha frii, na mara moja kwa mwezi nazifunga na kutembea kilomita chache ili mafuta yafike kwenye difu ya mbele.