Mzee, Mbea na ile isiyokula bando: ramani tatu kwenye Probox yangu

Nabeba mizigo midogo hapa Mombasa: keki za harusi, vipuri, masanduku ya watu wa uwanja wa ndege. Miezi minane sasa nafunga simu mbili kwenye dashibodi, kila moja na programu yake ya ramani, na ya tatu naiweka akiba. Mbili za kwanza nimezipa majina ya kupanga, maana nitazisema na sitaki kesi. Moja ni Mzee, inayojua kila duka na kila kinyozi na saa anayofungua. Nyingine ni Mbea, kwa sababu inaishi kwa habari za watu: dereva akibonyeza kwamba lori limekufa Buxton, sote tulio nyuma tushajua. Ya tatu ni Organic Maps, na hiyo naitaja wazi.

Nianze na siku ya keki. Ghorofa tatu, kutoka Ganjoni kwenda Likoni, saa 11 jioni. Mzee akasema dakika 25. Ukiutazama mstari wake wa buluu, unakata maji pale kivukoni kama kuna daraja. Mkondo wenyewe upana wake ni kama nusu kilomita, basi kwake hesabu ni nyepesi. Foleni ya magari hakuihesabu, wala ule umati wa watu wa miguu wanaotoka kazini, ambao jioni ndio wanaoijaza feri. Nilikaa saa nzima na dakika 10, vioo chini, krimu inaanza kulala upande. Mama wa bibi harusi akapiga.

“Mwanangu, watu washakula biriani. Keki iko wapi?”

“Iko foleni, mama. Bado hatujaitwa.”

Mbea siku hiyo alikuwa ameniambia nizunguke Dongo Kundu, nami nikampuuza. Baadaye nikaijaribu ile njia makusudi. Unatoka kisiwani kwa Makupa, unapita Changamwe, unaishika barabara mpya huko Miritini, unatokea Kibundani. Kama unakwenda Diani au Ukunda, raha tupu, hujui habari ya feri. Lakini kama mzigo ni wa Likoni penyewe, ukifika Kibundani inabidi urudi tena kaskazini, na hapo unachoma petroli ambayo mwenye keki hakulipia.

Ubaya wa Mbea ni uroho wa dakika. Asubuhi moja alinipitisha ndani ya soko la Kongowea ili niokoe dakika 4. Mbele yangu mkokoteni wa vitunguu, nyuma tuktuk tatu, kushoto mwanamke ametandika turubai na kuanza kupanga nyanya karibu na gurudumu langu. Mwenye mkokoteni amesimama anabishana bei ya kabichi ambazo si zake. Nilitoka pale baada ya nusu saa, na Mbea bado ananiambia kwamba nimo kwenye njia ya haraka zaidi.

Mji wa Kale ni habari nyingine, na huko silaumu programu yoyote. Simu inajua ilipo kwa kusikiliza setilaiti za GPS zilizo juu kama kilomita 20,200, na inahitaji kuzisikia nne kwa uchache. Ukiingia Ndia Kuu, kuta ndefu pande mbili na roshani zimeinamiana, mawimbi ya setilaiti yanagonga ukuta kwanza ndipo yafike kwenye simu, na hesabu inaharibika. Mimi nimesimama mbele ya duka la vinyago, nukta yangu ikaruka ikatua baharini. Huko zima, uliza mtu. Hasa kama ile sauti ya kizungu inakutamkia “India Ku”.

Jambo ambalo madereva wenzangu hawaliamini: GPS yenyewe haili bando hata kidogo. Kinachokula ni kushusha ramani na habari za foleni. Ndiyo maana naipenda Organic Maps. Nilishusha ramani nikiwa kwenye waifai ya nyumbani, na tangu siku hiyo inanionyesha njia hata bando likikata njiani Mariakani. Haina matangazo, hailipishwi. Habari za foleni haina, kwa hivyo usiitegemee Makupa saa 12 jioni. Ramani yake inatoka OpenStreetMap, mradi ulioanza 2004 ambao mtu yeyote anaweza kuusahihisha. Kule Kiembeni kuna kichochoro kilichozibwa kwa lango; nililitia lango hilo kwenye ramani mwenyewe usiku mmoja nikisubiri mteja, na siku nyingi hazikupita nikaliona kwenye simu ya mwenzangu.

Kwa sasa nimepanga hivi. Kutafuta mahali, Mzee, hakuna kama yeye, ila mteja akikutumia lokesheni muulize kama ameituma akiwa nyumbani au akiwa sokoni. Kwenda Mtwapa au Changamwe, Mbea, lakini akinikatisha kwenye vichochoro simfuati. Mbali na mjini, ile ya tatu.

Likoni siulizi programu. Kuna kijana anauza korosho kwenye foleni ya magari, nina nambari yake. Jana nilimpigia nikiwa bado Ganjoni.

“Yamefika kwa mbuyu, kaka,” akasema. “Kunywa chai kwanza.”