Picha za Pinterest au kuta za Lubumbashi?

Nyumba imekwisha kukarabatiwa, kuta bado zanuka rangi. Mawazo ya kuipamba utayatoa wapi? Pinterest, mtandao wa kutafutia picha za mawazo, ina picha zisizoisha, na ni rahisi kumwonyesha fundi unachotaka. Ila makochi yale meupe yamepigwa picha mbali na vumbi letu jekundu la kiangazi. Kufikia Agosti yatakuwa ya kahawia. (Mimi niliyanunua. Usiniulize.)

Kuzunguka mjini kunachosha zaidi, lakini unashika kitu kwa mkono: sahani ya shaba iliyofuliwa, malakiti, jiwe lenye mistari ya kijani, dari za juu za nyumba za zamani zinazopunguza joto. Kijani hicho, kwenye mito miwili tu, kinaitosha sebule nzima. Picha za Pinterest nilizitumia kwa rafu za jikoni tu.