Kuijua Baku vitabuni: Dumas au Kurban Said?

Wanaotaka kuisoma Azerbaijan na mji wake mkuu, Baku, hubishana waanze na kipi: masimulizi ya safari ya Alexandre Dumas, mwandishi Mfaransa aliyezunguka Kaukazi, eneo la milima kati ya Bahari Nyeusi na Bahari ya Kaspi, mwaka 1858 na 1859, au Ali na Nino, riwaya iliyotoka Vienna mwaka 1937 kwa jina la Kurban Said.

Kwa kuonyesha mahali, Dumas anashinda. Anakufikisha Surakhani, karibu na Baku, kwenye hekalu la Ateshgah, uone gesi ya ardhini ikiwaka mbele ya waabudu wa moto. Lakini hutia chumvi, na wenyeji kwake ni wa kutazamwa zaidi kuliko kusikilizwa. Mjini Baku alikutana na Natavan, binti wa khan (mtawala) wa mwisho wa Karabakh na mshairi mkubwa wa Kiazerbaijani. Ushairi wa Natavan huupati humo, na hilo linaniuma kweli.

Riwaya inaanzia darasani: mwalimu Mrusi anawaambia wanafunzi wa Baku kwamba ni juu yao kuamua kama mji wao ni wa Ulaya au wa Asia. Swali hilo linaingia mpaka kwenye ndoa ya Ali, Mwislamu, na Nino, Mkristo wa Georgia. Hapa wenyeji wanajisemea. Ila mwandishi wake halisi bado anabishaniwa, kwa hiyo usiinukuu kama ushahidi wa historia.

Kwa gharama, Dumas wa Kifaransa hupatikana bure mtandaoni, riwaya utainunua.

Unafunga safari? Mchukue Dumas. Unataka kuelewa familia na imani? Chukua riwaya. Mwanafunzi wa fasihi amtafute Natavan mwenyewe.